Jibu Lirudi Kabla Kengele Haijalia

Nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi? Mtoto wa darasa la tano anainamia daftari. Anajumlisha moja na moja za juu, anapata mbili. Anajumlisha mbili na tatu za chini, anapata tano. Anaandika 2/5, anapiga mstari chini ya jibu kama alivyofundishwa, kisha anapeleka daftari mezani kwa mwalimu. Hana wasiwasi hata chembe. Zoezi lina maswali kumi, na yote kumi ameyafanya kwa njia hiyohiyo.

Siku hiyo ni Jumanne, na darasa lina watoto 80. Mwalimu akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, zoezi hilo moja linamla saa 2 na dakika 40. Akiwa na mikondo minne, ni saa 10 na dakika 40, na hapo hajaandaa somo la kesho, hajashika zamu, hajapumzika. Kwa hiyo madaftari yanarudi Ijumaa, pengine Jumatatu ya wiki inayofuata. Mtoto anafungua ukurasa, anakuta alama kumi za kosa kwa wino mwekundu na sifuri juu yake. Darasa limeshahamia desimali. Anafunua ukurasa mwingine, anaendelea. Ile njia yake ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini bado iko kichwani, salama salimini.

Msomaji aliyewahi kushika chaki anaijua hali hii na wala hamlaumu mwalimu. Kosa lilitoka kichwani mwa mtoto Jumanne, sahihisho likafika Ijumaa likakuta mwenyewe keshasahau alichokuwa anawaza. Zana nyepesi za mtandaoni, zile ambazo mwalimu anaweza kujifunza kuzitumia jioni moja, zinaweza kuifupisha safari hiyo kutoka siku tatu hadi sekunde chache. Lakini habari inayorudi haraka inaweza pia kurudi ikiwa tupu. Mtoto anayeambiwa "umekosa" papo hapo, asiambiwe neno jingine, hajapata chochote zaidi ya yule aliyesubiri hadi Ijumaa. Zana hizi zinafaa pale tu zinapomfanya mtoto alirudie swali likiwa bado la moto, na zinapomwonyesha mwalimu ni kosa gani limeenea darasani kabla hajaendelea na mada nyingine.

Kiu ya kurudisha jibu haraka ni ya zamani. Novemba 1953, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake huko Cambridge, Massachusetts. Akiwa amekaa pale, aliona mambo mawili yaliyomkera: watoto wote walilazimishwa kwenda mwendo mmoja, na hakuna aliyejua kama amepata au amekosa hadi kazi isahihishwe baadaye. Siku chache tu baadaye alianza kuunda mashine ya kufundishia. Miongo miwili na zaidi kabla yake, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alikuwa ameshatengeneza ya kwake. Mwanafunzi alisoma swali kwenye kidirisha, akabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne, na mashine ikipangwa kwa ajili ya kufundishia, swali halikusogea mpaka abonyeze kitufe sahihi. Skinner hakupenda vile vitufe vinne. Alitaka mtoto alitunge jibu mwenyewe, kwa kuhofia kwamba majibu ya uongo yanayowekwa mbele ya mtoto yanaweza kumpotosha. Hofu hiyo ina uzito hadi leo, na itarudi hapa chini.

Afrika Mashariki haikusubiri simu janja. Eneza Education, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2011, ilipeleka maswali kwa wanafunzi kwa njia ya ujumbe mfupi. Mtoto alijibu kwa herufi moja, na ujumbe uliorudi ulimwambia kama amepata, ukiwa na maelezo mafupi ndani yake. Simu yenyewe ilikuwa ya mzazi, ile ya vitufe ambayo Watanzania wanaiita kitochi na Wakenya kabambe. Tanzania nako, katuni za Ubongo Kids zilizoanza kuoneshwa mwaka 2014 ziliwauliza watoto maswali ya hesabu katikati ya kipindi. Waliojibu kwa SMS walirudishiwa ujumbe kana kwamba umetoka kwa mhusika wanayempenda. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, iliwapa wanafunzi wa sekondari Ticha Kidevu, mwalimu wa kwenye simu anayejibu maswali yao. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wazazi wengi ambao hawakuwahi kusikia huduma za namna hii walijikuta wakizitafuta usiku na mchana.

Vifaa navyo vimeongezeka. Kenya ilianza kusambaza tableti katika shule za msingi za umma mwaka 2016. Tanzania, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyobebwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu. Kwa hiyo shule nyingi zina walau kifaa kimoja kinachofunguka na kushika mtandao, na hicho kimoja kinatosha kuanzia.

Turudi kwenye nusu na theluthi, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mwalimu anafungua fomu ya Google, ambayo tangu mwaka 2016 inaweza kugeuzwa kuwa jaribio linalojisahihisha. Anaandika swali, kisha majibu manne: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/6. Mwalimu mzembe angeweka majibu ya uongo yoyote yale, 9/4 au 7/11, ili kujaza nafasi tu. Huyu hafanyi hivyo. Matatu yasiyo sahihi kila moja lina ugonjwa wake. Aliyechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kwake sehemu ni namba mbili nzima zilizopandana. Aliyechagua 2/6 yuko karibu sana: ametafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, amepata 6, ila amesahau kubadili kiasi, akaacha moja na moja kama zilivyokuwa. Aliyechagua 1/6 amezidisha. Kanuni ya wiki iliyopita bado inazunguka kichwani. Majibu ya uongo yakitungwa hivi, hofu ya Skinner inapungua, kwa sababu kila mtego unamwambia mwalimu mtoto amekwama wapi.

Fomu ya kawaida humwonyesha mwanafunzi matokeo baada ya kutuma kazi yote. Lakini ndani yake kuna kipengele cha kumpeleka mjibuji kwenye ukurasa tofauti kulingana na jibu alilochagua, na hicho ndicho mwalimu huyu anachokitumia. Aliyechagua 2/5 anafika kwenye ukurasa ulioandikwa hivi: "Ulikuwa na nusu chapati. Ukaongezewa kipande. Je, mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Chora chapati mbili uone." Hakuna neno "umekosa" popote. Mtoto anachora. Anagundua kwamba ameongezewa chakula na chakula kimepungua. Anakunja uso. Aliyechagua 2/6 anakuta ukurasa mwingine, mfupi zaidi: "Sita ni sahihi. Sasa nusu ni sita ngapi? Na theluthi je?" Yule wa 1/6 anaambiwa jambo moja tu, asome tena alama iliyo katikati ya sehemu mbili.

Chini ya kila maelezo kuna swali pacha: nusu jumlisha humusi, jibu lake 7/10. Mwalimu angeweza kumrudisha mtoto kwenye swali lilelile la mwanzo, lakini akibadilisha jibu pale, lile la kwanza linafutika na mwalimu hataliona kamwe. Swali pacha linahifadhi yote mawili, kosa lilivyokuwa na lilivyorekebishwa. Ni jambo dogo la ufundi, lakini linaamua kama mwalimu ataona safari ya mtoto au mwisho wake tu.

Upande wa mwalimu, muhtasari unajijenga wenyewe. Maswali yaliyokosewa na wengi yanaorodheshwa peke yake, na kila jibu lina mchoro unaoonyesha limechaguliwa na wangapi. Tuseme watoto 31 kati ya 80 wamechagua 2/5. Kwa madaftari, idadi hiyo angeijua Ijumaa, tena kwa kukumbukakumbuka. Sasa anaijua kabla kengele haijalia, na anajua kwamba kesho asubuhi hawezi kugusa desimali.

Je, hili linaleta tofauti, au ni msisimko wa kitu kipya? Jimbo la Maine nchini Marekani lilikuwa mahali pazuri pa kupima, kwa sababu tangu mwaka 2002 liliwapa wanafunzi wa darasa la saba kompyuta za mkononi. Watafiti walichukua shule 43 na wanafunzi 2,850. Baadhi walifanya kazi za nyumbani za hesabu kupitia ASSISTments, zana ya bure iliyobuniwa na Neil Heffernan na mkewe Cristina huko Worcester, Massachusetts. Wengine waliendelea kama zamani. Kwenye zana hiyo mtoto aliambiwa papo hapo kama jibu ni sahihi, akapewa dokezo, akaruhusiwa kujaribu tena. Asubuhi mwalimu alikuta ripoti mezani ikionyesha ni swali gani limewashinda wengi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliotumia zana walijifunza zaidi ya wenzao, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa nyuma kihesabu.

Kuna jambo katika utafiti ule ambalo halipaswi kupita kimyakimya. Walimu walipewa mwaka mzima wa kuizoea zana na kufunzwa namna ya kuzisoma ripoti, ndipo wanafunzi wa mwaka uliofuata wakapimwa. Ripoti ilibadilisha dakika kumi za kwanza za kipindi: mwalimu aliacha kupitia kazi yote kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, akaenda moja kwa moja kwenye swali lililowaumiza watoto. Shule inayonunua tableti leo na kutangaza kesho kwamba imeingia kwenye ufundishaji wa kisasa imeruka hatua hiyo, na hatua iliyorukwa ni ghali kuliko tableti.

Sasa tufike kwenye alama. Wengi wanaposikia habari ya majibu ya haraka wanafikiria alama za haraka: saba kwa kumi, kidole gumba juu, nyota tatu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya na wanafunzi 132 katika shule za Israeli. Kundi moja lilirudishiwa kazi ikiwa na alama peke yake, la pili maoni peke yake, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi walipopewa kazi nyingine. Waliopewa alama hawakupanda. Na wale waliopewa vyote viwili, ambao mtu angedhani wamefaidi kuliko wote, walikuwa sawa na waliopewa alama tu. Mtoto akiona 7/10, jicho linakwenda kwa jirani: wewe umepata ngapi? Maoni yanabaki pale, hayajasomwa.

Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikwenda mbali zaidi mwaka 1996. Walikusanya tafiti za miongo mingi kuhusu mrejesho, shuleni na kazini, wakakuta kwamba kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyachambua yalionyesha umeshusha utendaji. Ulishusha hasa pale ulipomgusa mtu mwenyewe, kwamba wewe ni hodari au wewe ni dhaifu, badala ya kugusa kazi iliyo mbele yake.

Mwalimu akiijua habari hii, mipangilio ya fomu inapata maana nyingine. Kuna visanduku vitatu ambavyo wengi huvipita bila kuvisoma: maswali aliyokosa mwanafunzi, majibu sahihi, na alama za kila swali. Kila kimoja kinaweza kuzimwa. Mwalimu anaweza kumwonyesha mtoto alipokosea bila kumwonyesha alama. Kisanduku cha majibu sahihi kinahitaji uangalifu wa pekee. Kikiachwa wazi, mwanafunzi wa kwanza kumaliza anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na dakika tano baadaye kila mtu amepata kumi kwa kumi. Heri kizimwe hadi wote wamalize. Tahadhari nyingine ni kwa maswali ya kuandika jibu fupi: fomu inalinganisha maandishi na yale iliyopewa, kwa hiyo mtoto aliyeandika "sm 12" anaweza kukosa wakati mwenzake wa "12 sm" amepata. Mwalimu aandike namna zote zinazokubalika, au aulize namba bila kipimo chake. Mtoto anayeambiwa amekosa wakati amepata anaacha kuiamini zana, na ana haki.

Kahoot!, mchezo wa maswali wa mtandaoni, nayo inapendwa sana, na kelele za furaha zinazosikika darasani siku ya Kahoot! zinajulikana hata na mkuu wa shule aliye ofisini. Ilizaliwa Norway kwa ushirikiano na chuo kikuu cha NTNU mjini Trondheim, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013. Mapitio ya tafiti 93 yaliyochapishwa mwaka 2020, na mmoja wa waandishi wake akiwa Profesa Alf Inge Wang ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la mchezo huo, yaliona faida katika kujifunza na katika hali ya darasa. Yalitaja pia matatizo, yakiwemo mtandao usiotegemeka na shinikizo la muda. Hilo la muda si dogo. Kwa kawaida mchezo hutoa pointi nyingi kwa anayejibu haraka. Mtoto anayefikiri taratibu, anayechora chapati zake kwanza, anajifunza kwamba kuchora ni kupoteza pointi. Kwa kuamsha darasa saa nane mchana, au kwa kurudia msamiati, mchezo huu unafaa kabisa. Kwa sehemu, kanuni za fizikia na kitu chochote kinachohitaji utulivu, mwalimu azime saa au aache watoto wajibu kwa mwendo wao.

Vipi kuhusu shule ambayo simu haziruhusiwi, na projekta ilikufa mwaka juzi? Shule za namna hiyo ndizo nyingi kwetu, na zina njia.

Njia mojawapo ni Plickers, iliyobuniwa na Nolan Amy, mwalimu wa hesabu wa California. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wa pembe nne usiofanana na wa mwenzake. Akitaka kujibu A anaishika kadi upande fulani ukiwa juu. Akitaka B anaizungusha, vivyo hivyo C na D. Mwalimu anainua simu yake, anapitisha kamera darasani kama anayepiga picha ya pamoja, na simu inasoma kila kadi: nani amejibu nini. Herufi kwenye kadi ni ndogo, kwa hiyo jirani hawezi kuchungulia, na mtoto mwenye aibu anajibu bila mtu kumcheka. Kadi zinachapwa mara moja. Zikibandikwa kwenye boksi gumu zinadumu mwaka mzima. Simu inayohitajika ni moja, ya mwalimu.

Hata bila simu hiyo, mbinu yenyewe inabaki. Mwaka 1991 Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza kukatiza mihadhara yake kwa swali. Kila mwanafunzi alichagua jibu kimya kimya, kisha akageuka kumshawishi jirani yake, kisha wakachagua tena. Vifaa vya kupigia kura kwa vitufe vilikuja baadaye. Mkono ulioinuliwa na kadi zenye herufi zilitosha kuanzia. Katika darasa la 80 ambapo watoto watatu wanachangia kishikwambi kimoja, uhaba huo unaweza kugeuzwa kuwa somo: watatu hao hawaruhusiwi kubonyeza mpaka wakubaliane, na kukubaliana kunamlazimu yule wa 2/5 kumweleza yule wa 5/6 amefikaje pale. Kusikiliza ubishi huo, mwalimu akiwa anatembea katikati ya madawati, kunampa habari ambayo hakuna ripoti itakayompa.

Na mahali ambapo mtandao haufiki kabisa, kuna Kolibri ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwenye kompyuta moja ya shule, masomo na mazoezi yanapakuliwa mara moja, na baada ya hapo vifaa vingine vinaunganishwa nayo bila intaneti. Mazoezi yake yanatoa madokezo na kusahihisha papo hapo, na yapo pia masomo ya Kiswahili. Mwalimu anayelipia bando kutoka mfukoni mwake ataelewa mara moja faida ya kupakua mara moja tu.

Insha ni habari nyingine. Insha haina A wala B, na kuilazimisha iingie kwenye fomu ni kuitesa. Hapa zana inayofaa ni nyepesi kuliko zote, na walimu wengi wameigundua wenyewe bila semina: sauti iliyorekodiwa. Mwanafunzi wa sekondari mjini Nairobi ameandika aya moja, amepiga picha, ameituma kupitia simu ya mama yake. Katika mstari wa tatu ameandika "vitu zote zilipotea". Kalamu nyekundu ingekata na kuandika juu yake "vyote vilipotea", na mwanafunzi angenakili bila kuwaza. Mwalimu anabonyeza kitufe cha kurekodi: "Mwanangu, aya yako imenishika, hasa pale mlango unapofunguka. Sasa nisomee mstari wa tatu kwa sauti, polepole, usikilize lile neno baada ya 'vitu'. Ukishasikia, nirekodie ulivyorekebisha." Sekunde ishirini. Kosa moja, si kumi na matano. Mwanafunzi anasoma kwa sauti, anasikia, anarudisha rekodi yake: vitu vyote vilipotea. Ametoa sahihisho kinywani mwake, na sikio lake ndilo lililomsaidia.

Programu za akili unde nazo sasa zinatoa maoni juu ya insha kwa sekunde chache, na wanafunzi wengi wameshazigundua kabla ya walimu wao. Shida yake kubwa kwa mwanafunzi ni ukarimu uliopitiliza. Ukiiomba programu maoni, mara nyingi inakuandikia insha upya, nzuri, iliyonyooka, na kazi ya kufikiri imeondoka mikononi mwa aliyepaswa kuifanya. Mwalimu anaweza kuwaelekeza wanafunzi waombe maswali matatu juu ya aya yao, wasiombe marekebisho, kisha walete maswali hayo pamoja na insha. Hapo programu inakuwa msaidizi.

Kabla ya kuchapisha kiungo cha fomu kwenye kundi la wazazi, kuna suala la majina. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na watoto wanalindwa na zote mbili. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fomu ya hesabu haihitaji jina kamili wala barua pepe ya mtoto. Namba yake ya daftari la mahudhurio inatosha, nayo haimaanishi chochote kwa mtu wa nje. Matokeo ya mtoto mmoja hayana sababu ya kusomwa na wazazi sabini na tisa wengine.

Na muda wa mwalimu je? Fomu ya kwanza, yenye maswali matano na kurasa zake za maelezo, inaweza kumchukua mtu jioni nzima, na zaidi kama mtandao unasumbua. Ya pili inakwenda haraka, kwa sababu ya kwanza inanakiliwa na kubadilishwa namba. Walimu watatu wa somo moja wakigawana mada, mwaka ukiisha wana hazina ya muhula mzima, na mwalimu mgeni anayehamia shule hiyo anaikuta. Maswali matano mazuri kwa wiki yanatosha. Daftari halifi; mtoto bado anahitaji kuandika hatua zake kwa mkono, na mwalimu bado anahitaji kuzisoma. Ila sasa, badala ya kupiga alama ya kosa kwenye maswali 800 ya watoto 80, anachukua madaftari ya wale 31 na kuyasoma kwa utulivu.

Jumatano asubuhi hao 31 wamekaa mbele, wenzao wanaendelea na zoezi lingine nyuma. Mwalimu ana miduara miwili ya karatasi na mkasi. Anakata mmoja nusu, mwingine anaukata theluthi, anavishika vipande viwili hewani na kuuliza kama vinaweza kuhesabiwa pamoja hivyo vilivyo. Kimya. Kisha yule mtoto wa jana anainua mkono. "Mwalimu, haviwezi. Havilingani ukubwa." Anaitwa ubaoni. Anachukua chaki, anatazama vile vipande kwa muda, anaandika 3/6, anaweka alama ya kujumlisha, na pembeni yake anaandika 2/6.